Kuunga Mfupa kwa Mikato Miwili: Daktari wa Wanyama Alipie Mafunzo Gani?

Mbwa aliyegongwa na bodaboda akiletwa kliniki na muundi uliovunjika vipande vipande, daktari wake ana njia tano mbele yake. Anaweza kumfunga plasta ngumu, lile hogo tunalolijua. Anaweza kupitisha pini kwenye ngozi hadi mfupani na kuzifunga kwa fremu iliyo nje ya mguu. Anaweza kuupasua mguu kuanzia gotini hadi kwenye kifundo, akakusanya vipande kimoja kimoja na kuvibana kwa bamba na skrubu. Anaweza kuingiza bamba hilohilo kupitia mikato miwili midogo, mmoja juu na mmoja chini, bila kugusa pale palipovunjika. Au anaweza kuukata mguu wote. Mwenye mbwa atalipia njia moja kati ya hizo. Daktari naye ama ameshalipia kujifunza njia hizo ama hajalipia, na malipo hayo ndiyo yanayoamua mbwa atapata nini. Ninawaandikia madaktari wachanga wa Tanzania, Kenya na Uganda wanaodunduliza akiba kwa ajili ya kozi za nje wakitumaini kwamba cheti kitawapa njia ya nne. Fedha hizo ni za jasho, na zikipangwa vizuri zinaweza kununua mengi zaidi.

Njia ya nne madaktari wa mifupa huiita MIPO, na sifa zake ni za kweli. Mfupa unapovunjika, damu huganda kuzunguka vipande, na uponaji huanzia ndani ya donge hilo la damu. Daktari anayepasua mguu wote hulifuta donge, huukwangua utando unaofunika mfupa, na vipande vidogo vilivyokuwa vikilishwa na nyama chache zilizoshikamana navyo hubaki bila damu. Katika MIPO mahali hapo hapaguswi. Daktari huvuta mguu hadi urefu na mnyooko wake urudi, hupitisha chuma chembamba chini ya misuli ili kufungua njia, huteleza bamba refu ndani yake, kisha hukaza skrubu mbili au tatu kila upande, mbali na palipovunjika. Bamba hushika ncha mbili za mfupa; vipande vya katikati huachwa viungane vyenyewe.

Hata hivyo anayelipa aambiwe yote. Uchunguzi uliofanywa juu ya mizoga ya mbwa umeonyesha kuwa mishipa ya damu ya mfupa husalia vizuri zaidi kwa MIPO. Lakini mbwa hai waliovunjika kigasha walipolinganishwa, waliotibiwa kwa MIPO na waliotibiwa kwa upasuaji wa wazi hawakutofautiana sana katika muda wa mfupa kuunga. Daktari mwenye mikono mizuri ya upasuaji wa wazi hajapitwa na wakati. Na MIPO ina kosa lake kubwa: mguu huweza kuunga ukiwa umepinda au umezunguka, kwa sababu daktari hauoni mfupa anaoushughulikia. Macho yake ni eksirei na vidole vyake. Kwa hiyo mafunzo ya kweli ya MIPO ni mafunzo ya kunyoosha mfupa usiouona, na kozi isiyofundisha hilo kwa mikono haistahili ada inayodai, hata kama ukumbi wake unang'aa.

Kozi ya Ulaya au Marekani

Jina linalotajwa kwanza ni AO, kikundi kilichoanzishwa na madaktari wa upasuaji wa Uswisi mjini Biel mwaka 1958. Mwaka 1960 walianza kozi zao mjini Davos. Kilichozifanya zivume ni kwamba mwanafunzi hakukaa kusikiliza tu. Alishika drili na bamba, akafanya kazi juu ya mfupa. Tawi la wanyama, AO VET, lilianza mwaka 1969, na mwaka 1970 madaktari wa wanyama wa Amerika ya Kaskazini walipata kozi yao ya kwanza huko Columbus, Ohio. Hadi leo mafunzo hayo hupangwa kwa ngazi: kwanza kanuni za kuunga mifupa, baadaye kozi za juu, MIPO ikiwa mojawapo. Ubora wake siutilii shaka. Ninachotilia shaka ni iwapo ni ununuzi wa kwanza unaofaa kwa daktari mwenye kliniki ya vyumba vitatu Mwanza au Eldoret.

Tufanye hesabu ya makadirio. Ada ya kozi ya siku tatu au nne ya aina hii mara nyingi huvuka dola 2,000, tuseme 2,500. Nauli ya ndege kwenda na kurudi, 900. Malazi ya usiku tano kwa dola 150, ambayo kwa Uswisi ni bei ya kubana, 750. Chakula na usafiri wa ndani, 250. Viza ya Schengen tangu Juni 2024 ni euro 90, tuweke dola 100. Jumla ni dola 4,500, na hapo hatujahesabu kliniki iliyofungwa wiki nzima. Ukielekea Marekani, maombi ya viza ya mgeni ni dola 185, ambazo hazirudishwi ukinyimwa, na foleni ya mahojiano ubalozini inaweza kula miezi.

Sasa gawanya. Kliniki ikipata mgonjwa mmoja kwa mwezi anayefaa kwa MIPO, kwa miaka miwili ni wagonjwa 24. Kila mmoja anabeba takriban dola 187 za mafunzo kabla hujanunua skrubu hata moja. Mwenye mbwa wa Kinondoni anayesita kulipia eksirei ya pili hawezi kuibeba bei hiyo, na daktari mwaminifu hatambebesha. Kwa kliniki inayopokea mbwa wa kampuni za ulinzi, mbwa wa polisi au wale wa kunusa pembe za ndovu bandarini na viwanja vya ndege, hesabu inabadilika kabisa, kwa kuwa mbwa wa kazi amegharimu fedha nyingi kufundishwa na mwenyewe anataka arudi kazini akiwa na miguu minne.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo ya kozi hayalisemi kwa sauti. Ustadi wa mikono huchakaa usipotumika. Aliyesoma Machi na kumpata mgonjwa wa kwanza Novemba ataingia chumba cha upasuaji na kumbukumbu za picha, si za vidole.

Tena, katika meza za kozi hizo utafanya kazi kwa vifaa vya kiwanda kinachosaidia kuzigharimia. Hakuna ubaya katika hilo, mradi ujue kwamba utarudi umezoea vifaa ambavyo huenda hutaweza kuvinunua.

Vifaa vinavyokusubiri nyumbani

Hapa ndipo akiba nyingi zinapozama, na ndipo nataka msomaji atulie.

MIPO hutaka bamba refu. Kwa mbwa wa kati na mkubwa utahitaji ukubwa wa milimita 2.7 na 3.5, kwa mbwa mdogo na paka, 2.0 na 2.4. Bamba zinazofaa zaidi ni zile ambazo kichwa cha skrubu hujifunga kwenye nyuzi za tundu la bamba. Sababu yake si fahari. Kwa bamba la kawaida, ukikaza skrubu mfupa huvutwa ukutane na chuma. Bamba lisipokunjwa sawasawa na umbo la mfupa, mnyooko ulioupata kwa taabu unapotea mbele ya macho yako. Bamba la kujifunga halivuti mfupa, kwa hiyo linasamehe mkunjo usio kamili, na katika MIPO mkunjo huwa si kamili kwa sababu mfupa hauonekani. Bamba za namna hii za viwanda vya Ulaya ni ghali mno. Zipo za India na China kwa bei ya chini sana, na wauzaji wa vifaa vya mifupa vya binadamu jijini Nairobi na Dar es Salaam huziagiza. Ukinunua za bei nafuu, nunua bamba na skrubu za mtengenezaji mmoja. Nyuzi za kiwanda kimoja huenda zisioane na tundu la kingine, na kosa hilo hugunduliwa wakati mnyama ameshalala kwa nusukaputi.

Kisha macho. Mashine ya eksirei yenye umbo la herufi C, inayomwonyesha daktari mfupa kwenye skrini wakati anafanya kazi, hugharimu makumi ya maelfu ya dola ikiwa mpya. Iliyotumika hospitalini huwa nafuu, lakini kabla ya kulipa uliza nani ataitengeneza ikizima na bomba la mionzi limebakiza maisha kiasi gani. Mashine yoyote ya mionzi inahitaji kibali: Tanzania kutoka Tume ya Nguvu za Atomiki, Kenya kutoka Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia. Ongeza aproni za risasi, kinga za shingo, na beji za kupimia mionzi kwa kila anayesimama chumbani. Vijana wanaposimulia kozi walizohudhuria, mara nyingi husahau kutaja kwamba mkono wa daktari uliowekwa kwenye mwanga wa mashine hii kila wiki hudhurika polepole bila maumivu.

Je, inawezekana bila mashine hiyo? Kwa muundi na kigasha, ndiyo, kwa daktari aliyefundishwa hivyo. Mnyama huandaliwa mguu ukiwa umening'inizwa kutoka juu, na uzito wa mwili wenyewe hunyoosha mfupa. Eksirei ya mguu mzima wa upande wa pili hupigwa kabla, nayo huwa ndiyo ramani ya urefu na ya mkunjo wa bamba. Kwa muundi, pini inayopitishwa ndani ya uboho hurudisha mstari wa mfupa kabla bamba halijaingia; siku hizi hupendekezwa pini yenye kipenyo cha asilimia 35 hadi 40 ya tundu la mfupa, ili skrubu zipate pa kupita. Majaribio ya maabara ya miaka ya 1990 yalionyesha kwamba pini inayojaza nusu ya tundu hupunguza mkazo kwenye bamba kwa nusu hivi, na kurefusha maisha ya bamba mara kumi. Pini hiyo ni bei ya soda ukiilinganisha na bamba. Mwishowe daktari hukunja goti na kifundo akaangalia kama vinakunjika katika mstari mmoja. Haya yote hufundishika kwa gharama ndogo, na ndiyo kiini cha ustadi wenyewe.

Ukishindwa kunyoosha kwa kuficha, ongeza mkato katikati, tazama, nyoosha, lakini usiviondoe vipande wala donge la damu. Ni njia ya kati na kati, haina jina kubwa, na kwa maoni yangu ndiyo inayofaa kliniki nyingi za Afrika Mashariki kwa sasa.

Fremu ya nje, iliyosahauliwa

Kinachonisikitisha katika mijadala ya madaktari wetu ni kudhani kwamba kuunga mfupa bila kupasua sana maana yake ni bamba tu. Fremu ya nje iliyofungwa bila kupasua mguu ni upasuaji mdogo kuliko hata MIPO. Pini zinapita kwenye vitundu vya ngozi, mvunjiko haufunuliwi kabisa, na mfupa ukishaunga chuma chote kinatolewa. Kwa muundi uliotoboa ngozi ukachafuka kwa tope la barabarani, jambo la kawaida kwetu, fremu ni salama kuliko kuzika chuma ndani ya kidonda kichafu.

Historia yake inapaswa kutupa moyo. Otto Stader, daktari wa wanyama wa Ardmore, Pennsylvania, alitengeneza fremu ya namna hii kwa ajili ya mbwa katika miaka ya 1930. Madaktari wa binadamu wa Hospitali ya Bellevue, New York, wakaichukua, na katika Vita vya Pili vya Dunia Jeshi la Majini la Marekani likaitumia kwa wanamaji waliovunjika miguu. Kifaa kilitoka kwa mbwa kikaenda kwa mtu.

Gharama? Nyaya na pini za chuma zinapatikana kwa wauzaji wa vifaa vya mifupa. Badala ya vibano na fito za kiwandani, pini zinaweza kuunganishwa kwa akriliki, ileile wanayotumia mafundi wa meno ya bandia, ikimiminwa kwenye mpira na kuachwa igande. Drili ya umeme ya duka la vifaa vya ujenzi si safi kwa upasuaji, lakini Arbutus Medical ya Vancouver, Kanada, hutengeneza mfuko maalumu wa kuivisha unaosafishwa kwa mvuke na kutumika tena. Wazo hilo lilikua katika ushirikiano na madaktari wa mifupa wa Hospitali ya Mulago, Kampala. Fremu ina adha zake: mwenye mbwa lazima asafishe pini kila siku, mbwa azuiwe kujigonga, na pini hulegea zikikaa muda mrefu. Kwa paja na mkono wa juu, ambako nyama ni nyingi, haifai sana. Lakini kwa fedha za daktari anayeanza, hakuna mafunzo yatakayorudisha gharama yake haraka kama haya.

Miaka mitatu, au siku mbili

Kuna wanaofikiria njia ndefu. Chuo cha Marekani cha wapasuaji wa wanyama, ACVS, kilichoanzishwa 1965, na kile cha Ulaya, ECVS, cha 1991, hutaka mafunzo ya miaka isiyopungua mitatu chini ya mabingwa, baada ya mwaka mmoja wa mafunzo ya jumla, na mitihani migumu mwishoni. Nafasi ni chache na zinagombewa na dunia nzima. Kwa anayetaka kurudi kufundisha chuo kikuu, ni uwekezaji wa maana kwa nchi. Kwa mwenye kliniki, ni miaka minne bila kliniki. Karibu zaidi kuna Onderstepoort, kitivo cha Chuo Kikuu cha Pretoria kilichoanza 1920, ambako ubingwa wa upasuaji hufundishwa na ambako Mtanzania au Mkenya haombi viza kwa ziara fupi. India nayo isidharauliwe: chuo cha Madras kimefundisha madaktari wa wanyama tangu 1903, wagonjwa wa mifupa ni wengi, fremu ya nje inatumiwa sana, na serikali ya India hutoa ufadhili wa masomo kwa vijana wa Afrika kupitia baraza lake la uhusiano wa kitamaduni, ICCR.

Nyumbani, shahada ya uzamili Kabete, Morogoro au Makerere hugharimu sehemu ndogo ya hayo, na humpa mwanafunzi kitu ambacho siku nne za Davos hazitoi: wagonjwa halisi, mmoja baada ya mwingine, na mwalimu wa kumwuliza kesho yake wakati mguu umevimba. Upungufu wake ni vifaa, na kwamba si kila mwaka kuna mhadhiri mwenye uzoefu wa MIPO. Kabla ya kujiandikisha, nenda ukaombe kuona daftari la upasuaji la mwaka uliopita. Idadi ya mivunjiko iliyoandikwa humo ni kipimo bora kuliko kitabu cha matangazo ya chuo.

Kuna mafunzo yasiyogharimu kitu, na ni aibu kuyaacha. AO Surgery Reference, inayofunguka kwenye simu, ina sehemu ya wanyama yenye michoro ya hatua kwa hatua. Tovuti ya IVIS hutoa vitabu na mihadhara bure kwa daktari aliyejiandikisha. Toleo la Septemba 2012 la jarida la Veterinary Clinics of North America, lililohaririwa na Brian Beale na Antonio Pozzi, lilihusu mada hii tupu, na maktaba ya chuo inaweza kukutafutia. Vilevile madaktari wa mifupa wa binadamu walio karibu nawe wameshatatua tatizo letu: hospitali kadhaa za Afrika Mashariki, Taasisi ya Mifupa Muhimbili ikiwamo, hutumia msumari wa SIGN, uliobuniwa ili uingizwe mfupani bila mashine ya eksirei ya skrini. Daktari mmoja wa Muhimbili akikubali kukuonyesha jinsi anavyonyoosha paja kwa kuhisi, utakuwa umepata somo ambalo watu wa Columbus hawalihitaji na wewe unalihitaji sana.

Sasa niseme ningelipia nini kwanza. Madaktari 12 wachange kumleta mwalimu mmoja mwenye uzoefu kwa warsha ya siku mbili, awe wa Onderstepoort, wa India au Mwafrika Mashariki aliyesomea nje. Nauli, malazi na heshima yake vikifika dola 3,000, kila mmoja amelipa 250. Miguu ya mbuzi inanunuliwa machinjioni, Vingunguti au Dagoretti, asubuhi hiyohiyo. Muundi wa mbuzi unakaribiana kwa ukubwa na wa mbwa mkubwa, una ngozi na misuli yake, na unaweza kuvunjwa kwa nyundo chini ya ngozi ili uwe fumbo la kweli. Kila daktari apewe miguu minne: mmoja wa fremu, mmoja wa pini na bamba kwa upasuaji wa wazi, miwili ya MIPO. Baada ya kila kazi mguu upigwe eksirei, kisha upasuliwe wazi ili daktari aone kwa macho alichokifanya gizani. Hatua hiyo ya kupasua baadaye ndiyo inayofundisha kuliko mhadhara wowote. Tena meza, bamba na drili ni zetu, tutakazotumia Jumatatu.

Mfupa wa kuanzia kwa mgonjwa hai ni muundi wa mbwa wa kilo 15 hadi 30, upande wa ndani, ambako hakuna nyama na bamba linapapaswa chini ya ngozi. Kigasha kifuate. Paja lisubiri, na mkono wa juu usubiri zaidi kwa sababu ya mshipa wa fahamu unaozunguka mfupa huo. Asianze mtu na kigasha cha mbwa mdogo wa mapambo: sehemu ya chini ya mfupa huo ina damu kidogo, na kosa dogo huishia mfupa kutounga kabisa. Mvunjiko unaoingia kwenye kiungo nao kwa kawaida si wa MIPO; kiungo hufunguliwa, vipande vikapangwa sawasawa kwa macho. Wala mvunjiko mwepesi wa mkato mmoja hautaki kuachiwa mwanya. Huo huhitaji kubanwa. Mtoto wa mbwa wa miezi minne mwenye ufa kwenye muundi anataka hogo na wiki chache za subira.

Na daktari ambaye wateja wake ni wafugaji, wa Monduli, Kajiado au Karamoja? Asinunue MIPO. Ndama aliyevunjika mguu wa chini wakati wa kuvutwa kuzaliwa huponywa kwa hogo lililofungwa vizuri, na punda wa Lamu mwenye kidonda cha kamba hana haja na bamba. Warsha ya siku moja ya kufunga hogo kwa fiberglasi, lisilokata damu wala kuchubua, itamlipa mara nyingi zaidi.

Kwa wewe unayefuga, maswali ya kumwuliza daktari kabla ya kutoa fedha ni machache. Umefanya upasuaji huu kwa wanyama wangapi? Naomba kuona eksirei za kabla na baada. Bei hii inajumuisha eksirei za wiki ya nne na ya nane? Chuma kikikatika nani analipa? Daktari anayekujibu kwa utulivu, hata kama idadi yake ni ndogo, ni wa kuaminiwa kuliko anayekuonyesha cheti cha ukutani. Cheti cha siku nne hakimfanyi mtu kuwa bingwa. Na akikwambia kwamba kwa uwezo wako kuukata mguu ndiyo huruma, msikilize. Mbwa wengi huishi vizuri kwa miguu mitatu, nawe utakuwa umelipa mara moja.

Basi mpangilio wangu wa ununuzi ni huu: masomo ya bure mwezi huu, warsha ya miguu ya mbuzi mwaka huu, fremu ya nje na pini kabla ya bamba, eksirei nzuri ya kawaida kabla ya mashine ya skrini. Kozi ya Davos au Columbus ije baada ya kuwa na wagonjwa wanaoisubiri na vifaa vinavyofanana na vya huko. Chama cha Madaktari wa Mifugo Tanzania na chama mwenza cha Kenya hukutana kila mwaka kwa mkutano wa kisayansi. Ninawaomba viongozi wao watenge siku moja ya mkutano ujao kwa meza za mifupa, miguu ya mbuzi na drili, na baraza la kila nchi liitambue siku hiyo kama mafunzo endelevu.